Ufunguo wa Kihenge

Nilikua nikijua kwamba mtu mbaya kuliko wote waliowahi kuishi upande wetu wa ziwa alikuwa karani mmoja wa mtemi, enzi za mkoloni, mwaka wa njaa. Mtoto aliyeficha kiazi chini ya shuka aliitwa kwa jina la karani huyo. Mwenye duka aliyesema sukari imekwisha huku gunia linaonekana nyuma yake, naye aliitwa hivyo hivyo. Jina lenyewe sitaliandika. Lina wenyewe, na siku hizi nina adabu nalo.

Tulimjua kwa wimbo. Wimbo ulisema karani alifunga kihenge cha mtemi, lile ghala la kusukwa kwa fito lenye paa la nyasi ambamo mtama wa njaa uliwekwa, kisha akavaa ufunguo shingoni na kutembea nao huku watoto wakizikwa. Mwimbishaji alitaja jina la karani, na kila mwenye mdomo akaitikia, "Fungua!" Jina, fungua. Jina, fungua. Tuliruka kamba kwa wimbo huo, tulitwanga kwa wimbo huo. Na aliyeutunga alikuwa babu yangu, mzaa baba.

Babu alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma. Baada ya mavuno makundi mawili yalicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watu mpaka kundi la pili likabaki linacheza na vumbi lake. Siku babu alipoleta wimbo wa karani, inasemekana uwanja mzima ulihamia kwake. Nilijisifia ushindi huo maisha yangu yote, hata kwa wateja waliokuja kupunguza suruali tu. Baadaye redio ikautengenezea mchezo wa kuigiza, na jioni mtaa mzima ulisikia ufunguo ukigongagonga kabla karani hajasema neno. Tulimchukia kwa raha kabisa.

Ninashona nguo mjini, mtaa wa Igogo, chumba kimoja na mwanamke ambaye tunalingana umri. Cherehani yangu inatazama mlango, yake inatazama dirisha, na kwa miaka mingi tumegawana pasi, chai na umbea. Ni mtu wa visiwa vya humu ziwani, mpole, na mkono wake wa kola ni mzuri kuliko wangu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Siku moja akanitumia kitu kwenye simu.

"Soma hiyo, mwenzangu. Ni mashabiki wa ule mchezo wa redio. Wanauendeleza wenyewe, kila mtu anatunga ya kwake."

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikisalimiwa kwa furaha kupita kiasi, hugeuka nyuma kuona anasalimiwa nani. Kwa hiyo nilizisoma hadithi hizo kama ninavyokagua kitambaa cha mtumba, nikizitazama kwenye mwanga. Katika moja, karani anapendana na binti wa mtemi, na wanakumbatiana juu ya mawe ya ufukweni muda mrefu mpaka nikayaonea huruma magoti yao. Katika nyingine karani anafufuka zama hizi, anakaanga chipsi stendi ya Buzuruga, na wateja wanamsifia bila kujua ni nani. Hiyo ilinichekesha peke yangu hadi mteja akaniuliza kulikoni. Mtu akiniuliza leo aanze na ipi, namwambia aanze na ya chipsi, maana mwandishi wake hajidai.

Lakini mwenzangu alikuwa na moja aliyoing'ang'ania. Ilitoka sehemu kwa sehemu, na mwandishi hakujitaja. Penye picha yake palikuwa na kuku. Karani wa humo hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, aliyeugawa mtama mpaka ukaisha, kisha akabaki kulaumiwa kwa sababu umeisha. Kila asubuhi, kabla hata sijaondoa shuka juu ya cherehani, mwenzangu aliniuliza, "Umefika wapi?"

Mtu anayekusifia hadithi mara moja ameipenda hadithi. Anayekuuliza kila asubuhi umefika wapi ana lake jambo. Nikamjibu ninaendelea, nikakaza macho.

Kisha nikafika pale mke wa karani anaporekebisha shati la mumewe. Kola imechakaa. Mke anaifumua, anaigeuza ili upande uliokuwa umejificha utokeze, na anaishona tena akianzia katikati ya shingo, kwanza kushoto, halafu anarudi katikati na kwenda kulia, ili isivute. Nikaweka simu mezani. Mafundi wote ninaowajua huanza ncha moja wakamalizia ncha nyingine. Anayeanzia katikati ninamjua mmoja tu, na wakati ule alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, pini mdomoni.

Nilianza kumvizia, na sioni aibu kusema nilikuwa hodari. Nikagundua kwamba siku ambayo mguu wake ulipumzika kwenye pedali na kidole gumba kikashinda kwenye simu, jioni yake kuku alitoa sehemu mpya. Basi hadithi ni yake. Lakini mtu anaandika hadithi, anaificha, halafu anamsukumia mwenzake aisome kama dawa, kwa nini? Nikawaza mpaka nikapata jibu lililoniuma. Ukimwosha karani, maji machafu yatamwagikia nani? Yatamwagikia aliyemwimba. Nikaona kumbe miaka yote nimegawana chai na mtu anayemchimbia babu yangu. Nilikasirika sana. Nilianza kuificha pasi.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonivuruga. Mtoto wa karani anamwuliza baba yake, "Wanaimba kwamba una ufunguo. Ni wa mlango upi?" Karani anampeleka penye kihenge, anambeba mabegani, na mtoto anainua paa la nyasi kwa mikono yake miwili na kuchungulia ndani.

Nilisoma pale mara ya pili. Kihenge hakina mlango. Hakina kufuli. Nimekulia penye vihenge. Nilipotumwa mtama nilipanda, nikasukuma kile kifuniko cha nyasi pembeni, nikachota, nikashuka. Kila aliyeimba wimbo ule alikuwa amewahi kufanya hivyo. Tulikuwa tunachota mtama bila ufunguo huku midomo yetu ikiimba ufunguo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunyamaza akajiuliza.

Jumapili nikaenda Buswelu kwa shangazi, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu. Nilikwenda kwa nia ya kupata silaha. Nilitaka aniambie kwamba mtemi alikuwa na ghala lingine, la bati, lenye kufuli la kizungu, ili nirudi nikamnyamazishe kuku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Siku hii si ya sikukuu wala hakuna msiba, kwa hiyo una swali."

Nilipomwuliza kuhusu ufunguo, alicheka hadi akashika mbavu.

"Ule aliuchonga baba mwenyewe! Wa mti, mrefu kama mkono huu. Wale wapinzani wetu msimu ule walikuja na chatu. Chatu mzima, ng'wanone, mwanangu we, wanamvaa shingoni wanacheza naye! Watu wote wakakimbilia kule, sisi tukabaki tunapiga ngoma na kina mama zetu tu. Baba alirudi nyumbani hali chakula. Akasema, 'Na mimi nitavaa kitu shingoni.' Akachonga ufunguo."

"Na karani?"

"Karani ndiye aliyekuwa mshabiki mkubwa wa wale wa chatu. Ilibidi aimbwe yeye."

"Lakini mtama aliuficha?"

Shangazi aliacha kucheka. "Mimi nitajuaje? Nilikuwa mtoto. Njaa ilikuwepo, tulizika watu. Mtama uliisha. Uliishaje, sijui, na waliojua hawakuulizwa. Ule ulikuwa wimbo wa kushindania watu, ulitakiwa ufe na msimu wake. Mwaka uliofuata wao walituimba kwamba baba anafuga fisi chumbani. Mbona hiyo hamkuishika?"

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Mlikuwa mnaimba vizuri," alisema, na akaniuliza kama nitakula.

Nilirudi na hasira isiyo na pa kukaa. Nilikuwa nimeitayarisha kwa ajili ya mwenzangu, sasa nikawa naigeuzageuza sijui nimpe nani: babu, redio, au mimi mwenyewe na kamba yangu ya kuruka. Jumatatu nikaingia chumbani na sikuondoa hata shuka.

"Karani ni nani wako?"

Alitema pini kiganjani, moja moja. "Babu yangu. Mzaa baba."

"Na ulijua mimi ni mjukuu wa nani?"

"Siku ya kwanza. Ulimsimulia mteja habari za ule ushindi kabla hujaniambia unaitwa nani."

"Ukakaa?"

"Chumba kina mwanga mzuri," alisema. Halafu machozi yakamlengalenga, nami nikaacha kusimama kama polisi, nikavuta kiti.

Akanieleza. Kwao mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la mkubwa wa ukoo aliyetangulia. Jina la karani lilikuwa limerukwa tangu zamani, kwa sababu ni nani angempa mtoto tusi? Baba yake alikufa akimwomba lisizikwe naye. Sasa mkwe wake alikuwa mjamzito, na picha ya hospitali ilionyesha mtoto wa kiume. Lakini kijana wake alikataa katakata. Alisema mtoto ataimbwa shuleni mpaka aikimbie shule. Nyumbani kwao, siku ya kumtoa mtoto nje, mtu wa kwanza kumwita kwa jina lake lazima atoke nje ya ukoo. Kijana akamwambia mama yake: nitakubali ukipata mtu wa nje wa kuliita jina hilo mbele ya watu bila kucheka.

"Ukanichagua mimi."

"Wewe ndiye mwenye wimbo. Nikaona uipende hadithi kwanza, halafu ndiyo ujue."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi kumshuku, tena tangu siku ya kwanza. Alikuwa ananiwinda kweli, ila hakuwa anamwinda babu. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilimwambia simwamini huyo karani wake. Mtu mwema kiasi kile ananitia wasiwasi kuliko mwizi. Ampunguzie wema, amwachie hata choyo kidogo. Akacheka huku anajifuta. Katika sehemu iliyotoka wiki ile karani alimnyima jirani chumvi, na chumvi anayo. Ndiyo sehemu bora kuliko zote. Ukimaliza ya chipsi, soma hiyo.

Mtoto alitolewa nje nyumbani kwa wazazi wake Buzuruga, mchana, uani, chini ya turubai. Kina mama walikuwa kwenye masufuria nyuma yangu, wazee kwenye viti vya plastiki mbele. Kijana wa mwenzangu alinitazama vile ninavyotazama watu mimi, akitafuta mshono unapoachia. Sikumlaumu. Nikapewa mtoto, mzito kuliko nilivyotarajia, amelala.

Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo halikuwa limenijia hata mara moja. Katika umri wangu wote sikuwahi kulitamka jina lile. Nilikuwa nimeliimba tu. Ulimi ulikuwa tayari umeshika mdundo wa babu. Nikaumeza ule mdundo, nikalisema.

"Fungua!" wakaitikia kina mama kwenye masufuria, kwa sauti moja.

Hawakukusudia. Nilisikia mwiko ukianguka, nikasikia mtu akijiziba mdomo. Mwenzangu alikuwa amefumba macho. Kijana wake alisimama, akanyoosha mikono nimrudishie mwanawe, na uso wake ulisema, "Nilijua."

Sikumpa. Nikalitaja tena, taratibu, kama unavyomwita mtoto aje kula. Sauti moja tu ilijibu, ya mwanamke mzee, kidogo, kama kikohozi kilichomponyoka. Mikono ya kijana ilikuwa bado mbele yangu. Nikamsogeza mtoto karibu na kifua, nikalitaja mara nyingine.

Mtoto akapiga miayo. Nikasubiri, masikio yangu yote yakiwa kwenye masufuria nyuma yangu. Hakuna aliyeitikia, na kijana akashusha mikono.