Siku Niliyoondoa Mguu Kwenye Mafuta

Iko Jumapili moja, mwanangu, nimekaa nayo miaka thelathini na tano. Bahati anaijua kwa sababu alikuwapo. Mama yako anaijua nusu. Wewe sijapata kukuhadithia, na leo nataka uijue yote, kwa sababu juzi nilikusikia jikoni.

Ulikuwa unaosha vyombo na mama yako, mie niko sebuleni na chai yangu, mlango uko wazi. Mama yako akakuuliza, itakuwaje Jumapili hii ukijikuta nyuma ya gari la baba yako? Ukamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu mliozaliwa London, ukadhani kizee huyu hasikii: hii ni mbio yake ya mwisho, nitamwachia Dad ashinde, basi. Mama yako akasema mashaallah, mtoto ana adabu. Mie chai ikanishinda kunywa.

Ningekuja pale pale kukufokea, unanijua nilivyo. Nikajizuia, maana hayo uliyoyasema wewe nimeshayafanya mie, na siku niliyoyafanya nilijiona bingwa wa adabu. Haya, kaa, weka hiyo simu chini, unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani katika ofisi ya nyumba za kaunsili, halmashauri ya mtaa. Hamadi, mtoto wa ami yangu, niliyetoka naye Pemba, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye gereji ya mabasi. Tulikaa chumba kimoja Kilburn, kitanda chake dirishani na changu mlangoni. Siku moja mtu wa kazini kwake akatupeleka kwenye uwanja wa mbio za mbwa, upande wa Tooting kule. Sasa wameshauvunja, wamejenga maghorofa. Siku za wiki walikimbia mbwa, Jumapili yalikimbia magari.

Hamadi hakuwa mtu wa michezo. Lakini alipoona magari yale yamefungwa mabampa ya chuma mbele na nyuma, akasimama juu ya kiti. Unazijua sheria, lakini wacha nizirudie, maana leo ndizo hadithi yenyewe. Aliye mbele yako unaruhusiwa kumsukuma. Unamgonga kwa nyuma penye kona, gari lake linatoka nje kuelekea ukutani, wewe unapenya kwa ndani. Ubavuni marufuku, nyuma ruhusa. Hamadi alitazama mbio mbili tu, akanigeukia, "Yakhe, hivi vyuma nani anavichomelea vibaya namna hii?"

Hivyo ndivyo timu yetu ilivyoanza, kwa Hamadi kukereka na kazi ya watu.

Gari la kwanza tulipewa na Mzee Len. Huyu alikuwa Mwingereza mwenye yadi ya magari mabovu, mtu wa miaka sitini na kitu, anakimbiza magari tangu ujana wake. Tulikwenda kwake kutafuta vyuma. Akatuuliza tunatoka wapi, tukamwambia Pemba, akasema hajapata kupasikia, basi chukueni lile pale, mwondoke nalo kabla sijabadili mawazo. Wiki ya pili akaja mwenyewe kwenye gereji yetu chini ya daraja la reli, kutazama tunamfanya nini mtoto wake wa chuma. Akamfunza Hamadi wapi chuma kiwe kinene na wapi kiachwe kipinde, ili lipondeke gari na dereva atoke mzima. Tukawa tunamwamkia shikamoo. Tukamfunza kujibu marahaba, akawa anaitoa kama mtu anayepiga chafya.

Gari tukalipaka rangi ya kijani iliyobaki jikoni kwa watu. Ndiyo hiyo hiyo rangi mpaka leo, watu wanadhani tulikaa tukaichagua.

Wa tatu wetu ni Bahati. Alikuwa bado kijana mwembamba, usicheke, ametoka Bukavu, anasafisha mabasi alfajiri pale pale kwa Hamadi. Yeye alichukua kazi ya magurudumu. Kila Jumapili ya mbio alikosa kwaya kanisani, na mchungaji wake akimwona anamuuliza kama Yesu naye anaendesha magari. Mie nilishika usukani. Timu nzima ilikuwa watu watatu na birika moja la chai.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wa mwisho kila mahali. Paa letu lilikuwa jeupe, la wageni wa mchezo. Unajua mpangilio wao ulivyo kinyumenyume: mweupe anaanza mbele, nyuma yake manjano, kisha buluu, na mabingwa wenye paa jekundu wanawekwa mkiani kabisa. Unavyopanda ndivyo unavyorudishwa nyuma. Na mtu akishaanza kushuka, paa lake linapakwa upya, anasogezwa mbele na wachanga. Sisi tulikuwa mbele, na kila aliyetupita alitupitia mgongoni. Gari lilirudi Jumapili limekunjamana, Hamadi analinyoosha wiki nzima baada ya kazi, na Jumapili ya pili tunalipeleka likakunjwe tena. Mie nilitaka kuacha. Hamadi hakutaka hata kulizungumza. Mwaka wa pili tukapata paa la manjano, na wa tatu buluu. Watu wakaanza kuuliza, hao wa kijani ni nani?

Ukafika mwisho wa msimu ule wa tatu. Anayeshinda fainali ya pale anapata nafasi ya kwenda mashindano ya nchi nzima. Kwa mwengine ni mbio tu. Kwa Hamadi ilikuwa kila kitu, maana wiki mbili kabla alipokea habari kwamba mama yake hali yake mbaya, na yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki. Alikuwa anarudi Pemba, moja kwa moja, mwezi unaofuata. Akaniambia, "Seif, nataka nikamwambie mama kuwa gari langu limefika kule kwa wakubwa. Hilo tu."

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwa Mzee Len pia. Daktari alishamkataza, na uwanja mzima ulijua. Alikuwa amerudi paa la manjano, kwa hiyo alianza mbele yangu.

Sitakuchosha na mbio yote. Raundi tano za mwisho alikuwa yeye wa kwanza na mie wa pili, na nyuma yangu hakuna wa kunisumbua. Nikimwona kisogo chake kupitia dirisha lake la nyuma lisilo kioo, helmeti kuukuu limefungwa utepe. Hamadi na Bahati wamesimama kwenye uzio. Tukaingia kona ya mwisho. Nilichotakiwa kufanya ni kukanyaga.

Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyetupa gari. Nimgonge mtu mzima, tena kwa gari lake mwenyewe, siku yake ya mwisho, mbele ya wajukuu zake? Mie niliyelelewa Wete, niliyefunzwa nisipite hata mbele ya mzee aliyekaa bila kuinama na kuomba radhi? Nikaondoa mguu kwenye mafuta.

Mzee Len akashinda. Watu wakasimama kumpigia makofi. Na mie, sikufichi, nilijisikia raha, wallahi. Nilitoka kwenye gari nikitabasamu.

Hamadi alichukua spana akaanza kufungua magurudumu, kazi ambayo si yake. Bahati ndiye aliyekuja usoni pangu.

"Weye ulinyanyua muguu. Niliona."

Nikamwambia ni heshima, yule ni mzee wetu.

"Gari ni ya sisi bote batatu," alisema. "Ruhusa ulipata wapi, weye peke yako?"

Nikakasirika. Nikamwambia yeye hajui adabu za kwetu. Toba, maneno niliyomwambia Bahati siku ile, na ndiye huyo huyo aliyekushikilia baiskeli ulipojifunza kuendesha.

Basi Mzee Len akaja, kombe mkononi, anachechemea. Nikamwamkia, nikampongeza. Marahaba haikutoka.

"Injini yako ilikufa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Tairi?"

Nikasema ndiyo, tairi liliteleza. Akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Kijana, mie nasikiliza injini tangu baba yako hajaoa. Yako nilikuwa nayo mgongoni raundi tano. Penye kona ikanyamaza. Niliisikia kunyamaza kabla sijasikia makofi."

Nikaligusa tairi kwa ncha ya kiatu.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Ule upenyo wa ndani, ulidhani nimeusahau? Nilikuachia makusudi. Ungenigonga, ningeipokea nguvu yako initoe kwenye kona, na wewe ungebaki unapigana na usukani. Nimewafanyia wengi. Labda kwako ingeshindikana, maana una gari zuri. Labda ungenipita. Sasa nani atajua?" Akahamishia kombe mkono wa pili. "Uliniangalia ukaona nimekwisha."

Nilitaka kumwambia sivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Nilijiita mwenye heshima, na ndani ya heshima ile nilishamhesabu mtu wa kuonewa huruma. Wala haikunijia hata mara moja kwamba mzee yule anaweza kunishinda. Nilidhani nimempa, kumbe nimemnyang'anya. Mbio yake ya mwisho ningeweza kumwachia jibu, nikamwachia swali.

Akaliweka kombe juu ya boneti ya kijani, akaenda zake. Aliendelea kuja gerejini kunywa chai, na shikamoo alizijibu, hakuwa mtu wa kinyongo. Ila habari ya siku ile hakuitaja tena mpaka alipokufa. Kombe hakutaka kulichukua, na sisi hatukuona kuwa ni letu. Lile kopo la nati lililoko kwenye meza ya Bahati, lenye masikio mawili, ulilozoea kuingiza mkono tangu mdogo, ndilo hilo.

Hamadi aliondoka mwezi uliofuata. Uwanja wa ndege nilimuomba radhi. Akasema, "Yashapita, yakhe." Hamadi alimkumbatia Bahati kwa muda mrefu, mie akanipa mkono. Miaka miwili baadaye tulishinda fainali ile ile, tukaenda mashindano ya nchi. Nikampigia simu Pemba, mama yake ameshafariki. Akasema mashaallah. Kisha akauliza, "Nani siku hizi anayechomelea?" Nikamtajia. Akasema, "Mwambie asiharakishe kwenye pembe." Hakuuliza jengine.

Yaliyofuata unayajua. Gari la pili, kisha gereji ya Kilburn ikawa ndogo tukahamia upande wa Queensbury, uwanja wa zamani ukavunjwa na sasa tunaburura magari nje ya mji kila mbio. Paa langu lilifika jekundu, likakaa miaka, kisha likaanza kushuka, buluu, na mwaka huu manjano. Lako limepanda mpaka jekundu, na ninalitazama kwa fahari ambayo sijui kukwambia vizuri kwa Kiingereza chenu. Ndiyo maana Jumapili mie nitakuwa mbele na wewe nyuma. Hakuna aliyepanga, ni rangi tu za mapaa.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu mzima mwamkie, mbebee mfuko, mpishe kiti kwenye treni, usinyanyue sauti mbele yake. Hayo yote nimekufunza na unayafanya, Mungu akubariki. Lakini mtu akiwa kazini kwake, akiwa ndani ya jambo analolipenda na analoliweza, heshima yake ni wewe kumjia kwa nguvu zako zote. Ukimpunguzia, umemwambia ameshakufa, na umemwambia hadharani. Jambo la pili: usigawe wema kwa jasho la wenzako. Gari lako wamelitengeneza watoto wa Bahati, wamekosa Jumapili zao kama baba yao. Unachotaka kunizawadia mie si chako peke yako. Na la tatu ni kwamba usiwe na hakika sana kuwa ushindi unaotaka kunipa uko mkononi mwako. Nilikuwa na hakika hiyo, na kisogo cha mzee wa watu kilikuwa kinanitega.

Jumapili kwenye kona ya mwisho, Mungu akitufikisha, huenda nikakuachia upenyo kwa ndani. Huenda nisikuachie. Huenda upenyo ukawa wa kweli kwa sababu mikono imechoka, na huenda nimeufanyia mazoezi mwaka mzima. Hutajua mpaka unigonge. Nami sitajua mpaka nigongwe, na mie, mwanangu, nataka kujua. Nimengoja kona hii tangu siku niliyomnyima mwenzangu yake.

Mungu akuvushe kona zote salama, wewe na gari lako. Akujaalie wenzako wa kukuonea uchungu na wapinzani wasiokuonea huruma. Na ukifika umri wangu, akuwekee nyuma yako mtoto anayekanyaga mafuta. Amin.

Haya, nenda. Na masikio yangu bado mazima, Rahma. Injini yako ikinyamaza, nitaisikia.