Delbert, Toka Hapo

Wilma Haugen amepiga picha kila jengo la mji wetu wa Tolliver isipokuwa nyumba yake mwenyewe, ambayo anasema haina historia, ina panya tu. Miaka thelathini na moja ofisi ya jimbo inayotunza kumbukumbu za majengo ya kale imekuwa ikimletea fomu kila majira ya kuchipua, naye akiirudishia picha. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa dirishani pa posta, na bahasha zake zote nimezipima kwa mkono wangu.

Mji hauna mengi. Una mtaa mmoja wa enzi za wachimba dhahabu, vibanda vya mbao vilivyopachikwa kuta ndefu kwa mbele ili vidhaniwe ghorofa. Una benki ya matofali iliyoporwa mara moja, mwaka 1891, na mpaka leo tunajivunia. Reli ilipohamia ng'ambo ya mto, kila mwenye akili aliifuata. Sisi ni wajukuu wa waliobaki.

Fomu ina sharti moja kali: pichani pasiwe na gari wala mtu. Magari si taabu. Taabu ilikuwa Delbert Strand.

Delbert alikuwa fundi wa uzio wa nyaya, kapera, na kofia haikumtoka kichwani. Kinyozi wetu huapa kwamba alikuwa akimnyoa kwa kuizunguka. Kila asubuhi alikunywa kahawa yake ameegemea ukuta wa benki, na asubuhi ndipo jua linapopiga nyuso za majengo, ndipo Wilma alipofika na kamera yake ya miguu mitatu.

"Delbert, toka hapo."

"Nitoke niende wapi, na mji wenyewe ndio huu?"

"Njoo nyuma yangu. Usiniharibie benki."

"Benki iliharibiwa zamani, mama. Mimi naishikilia tu isianguke."

Basi alikuwa akienda kusimama nyuma, Wilma anajifunika yeye na kamera kwa kitambaa chake cheusi cha kuzuia mwanga, na picha inapigwa. Wakihamia jengo la pili, Delbert keshatangulia kuliegemea, na ugomvi unaanza upya. Wilma alimwita nuksi, na sisi tulizoea.

Februari hii moyo wa Delbert ulisimama akiwa ndani ya pikapu yake. Injini alikuwa ameizima kwanza, maana hakupenda kupoteza mafuta. Dada yake, Ardis, alimkuta Wilma posta, mbele yangu. Mazishi Jumamosi, alisema, na picha ya kuweka kando ya jeneza hana. Iliyopo ni ya leseni ya udereva, na hapo Delbert amefumba macho.

"Ila wewe unazo," Ardis akasema. "Aliniambia unampiga kila mwaka."

"Mimi? Sijampiga hata moja. Nilikuwa namfukuza."

"Basi alinidanganya," Ardis akasema. "Delbert hajawahi kunidanganya."

Aliondoka kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Mimi nikajifanya nagonga mihuri.

Wilma alipekua picha zake zote hadi jioni. Majengo matupu. Asubuhi akageukia filamu zenyewe zinazochapishiwa picha. Lazima niseme jambo moja la kazi yake: vioo vya madirisha huakisi kilicho mbele yake, na wakubwa wa ofisi hawapendi kuona vivuli, kwa hiyo kila alipochapisha aliyatia giza madirisha, bila kuangalia kilichomo, mpaka yawe meusi tititi. Safari hii aliichapisha benki bila kuyatia giza, kisha akaniita katika chumba chake cha kusafishia picha. Alitaka shahidi.

Kiooni palisimama kitambaa cheusi chenye miguu mitano, mitatu ya mti na miwili ndani ya mabuti ya Wilma. Kando yake alisimama Delbert. Kofia ameivua, ameishika kifuani, nywele kazichana kwa maji, na anaitazama kamera moja kwa moja. Picha ya mwaka uliotangulia, vilevile. Ya duka la dawa, vilevile. Ya kwanza kabisa, vilevile, ila nywele zilikuwa nyingi.

"Alijua," Wilma akasema.

Alikaa juu ya ndoo akalia, wala hakujificha uso. Sikujua niweke wapi mikono yangu, nikashika chupa iliyokuwa karibu. Akaniambia niiache, ni sumu.

Ardis alipoletewa picha aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, kwa adabu, kama kile kitu cheusi cha pembeni kinaweza kukatwa.

"Hicho cheusi ni mimi," Wilma akasema.

Ardis akatazama tena. "Basi kiache."

Jumamosi ikasimamishwa kando ya jeneza. Mtu mmoja alinong'ona kwamba inafanana na picha ya harusi ya mtu na hema. Hakuna aliyecheka sana.

Fomu ilipokuja, Wilma alipeleka picha ya benki ya mwaka jana, madirisha bila giza. Ikarudishwa pamoja na barua: dirishani anaonekana mtu, tafadhali piga upya. Alijibu kwa kadi isiyo na bahasha, na kadi ya namna hiyo haina siri kwa mtu wa posta. Niliisoma mara mbili kabla ya kuigonga muhuri.

"Picha ni sahihi," aliandika. "Benki yetu ilikuwa hivyo."