Albamu Iliyofika Kisimani

Nimeisikiliza albamu hiyo mara elfu moja, na hapo nimepunguza nisije nikaonekana mwongo. Ni albamu ya kwanza ya bendi ya vijana wa ng'ambo. Nilitumiwa kwa simu na mwenzangu tuliyesoma naye darasa la usiku hapa Isiolo, nilikopata cheti cha sekondari nikiwa tayari na mvi kwenye ndevu na watoto wanaonishinda hesabu. Aliandika tu: "Sikiza hii, utanishukuru baadaye."

Mwanzoni sikuona cha kushukuru. Nilidhani simu imeingia maji. Magitaa yalilia kama yanapigwa ndani ya tangi tupu la lori. Ngoma ilikuwa mbali, kama jirani anayetwanga mahindi ploti ya tatu. Na msichana anayeimba alikuwa ananong'ona nyuma ya pazia zito, kana kwamba kuna mtu amelala na hataki kumwamsha. Mimi nimezoea waimbaji wanaoimba kama wananadi mbuzi sokoni, kwa hiyo nikangoja apaze sauti. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, hakupaza. Kufikia wa nne nilikuwa nimeacha kungoja. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu Bulla Pesa, mlango wazi, mtaa mzima ukipiga kelele zake za alasiri, na ile sauti ndogo ikazifunika zote. Tangu siku hiyo nauza vipuri vya malori nikiwa na waya wa simu kwenye sikio moja, na wateja wangu wamezoea kurudia wanachotaka.

Ndipo mke wa mjomba akanipigia kutoka Garbatulla. Mjomba wangu, kaka ya mama, alikuwa ametoka hospitali alikopasuliwa koo. Alipona, alhamdulillahi, lakini sauti ilibaki hukohuko. Na sauti ya mjomba si jambo dogo. Kwetu Waborana, ng'ombe akinyweshwa kisimani huimbiwa. Makundi hungoja mbali, na kuna ng'ombe ambaye hasogei mpaka asikie wimbo wa mwenye kundi. Mjomba alipoimba alisikika mpaka mpakani, na ng'ombe wasiomhusu walikuja kwa adabu, wakasikiliza, wakarudi kwao.

"Sasa amenyamaza kabisa," mke wa mjomba akaniambia. "Daktari alisema aongee pole pole, yeye amekataa. Anaona aibu. Anaelekeza na fimbo. Na ile nyekundu haiji kwa maji."

Nyekundu ndiye mama wa kundi. Akienda, wenzake wote wanamfuata.

"Hamjajaribu kumwimbia?"

"Nimeimba mimi, majirani wameimba. Inatuangalia kama wageni. Inalamba kidogo, inageuka, na wengine wanageuka nayo. Na hii jua, unaijua. Mjomba wako amesema anaiuza sokoni Alhamisi."

"Amesema vipi na haongei?"

"Ameonyesha na fimbo njia ya soko."

Nikapanda lori la mteja wangu lililobeba unga, na ile barabara ikanitingisha mpaka meno yakabadilishana nafasi. Lakini nilikuwa na mpango. Msomi hasafiri bila mpango.

Asubuhi iliyofuata nikafika kisimani na spika yangu ndogo. Salaam aleikum hapa, salaam aleikum pale, nikaiweka kwenye ukingo wa hori la maji. Wimbo wa nne una sehemu ndefu ambapo yule msichana haimbi maneno, anavuta tu sauti, inapanda, inashuka, na gitaa linamjibu. Niliamini kabisa kwamba nyekundu angekuja akitoa machozi. Nikabonyeza.

Nyekundu akasimamisha masikio. Akaitazama spika, akanitazama mimi, akageuka, akaondoka kuelekea kwenye migunga, na kundi zima nyuma yake. Aliyebaki ni punda wa watu, na mpaka leo sijui kama aliupenda wimbo au alikuwa amechoka tu.

"Mwalimu wa usiku," akaniita mmoja wa wavuta maji, anayejua habari ya cheti changu, "hiyo kitu yako itafikisha ng'ombe sokoni kabla ya Alhamisi."

Walicheka mpaka ndoo zikamwaga maji. Nikaichukua spika yangu, nikaenda kukaa kando ya mjomba, aliyekuwa juu ya mtungi wa plastiki kwenye kivuli, kidevu juu ya fimbo. Kwa aibu nikasahau kuzima. Wimbo ukaendelea mapajani mwangu. Mjomba akaielekezea fimbo ile spika, kisha akagusa koo lake. Sikuelewa. Basi akafungua mdomo, na ikatoka sauti kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi.

"Huyu ni mgonjwa?"

"Hapana, Abuya," nikasema, maana kwetu mjomba huitwa hivyo. "Anaimba hivyo kwa kupenda."

"Hana sauti."

"Anayo. Ndiyo hiyo."

Akasikiliza kidogo. "Na watu wanakubali?"

"Dunia nzima," nikasema, ingawa sikuwa nimeizunguka. "Mimi nimemsikiliza mpaka betri ya simu imevimba."

"Hao wenye vyombo wanaweza kumfunika."

"Wanaweza, lakini wanamngoja. Akivuta pumzi na wao wanapunguza. Hapo ndipo napapenda zaidi."

Wimbo ulipoisha mjomba akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Ulipoisha tena akasema, "Zima."

Akainuka, akateremka mpaka kwenye hori, akaingiza mkono na kuyapiga maji. Halafu akaanza. Haukuwa ule wimbo wa kufika mpakani. Ulikuwa mnong'ono, na mahali alipokuwa akipanda zamani, sauti ilikatika, akangoja, akaendelea. Mimi sikuwa mbali na nilisikia nusu tu. Lakini wale wavuta maji, ambao hakuna aliyewaambia kitu, wakaushusha wimbo wao wenyewe wa kuvutia maji. Mmoja akaishika ndoo isigonge jiwe. Yule aliyeniita mwalimu wa usiku akawa anaitikia chini chini, na kila mjomba alipovuta pumzi, naye alisimama.

Kule kwenye migunga, nyekundu akainua kichwa.

Hakukimbia. Ni mimi ndiye huwaambia watu hapa mjini kwamba alikimbia. Alitembea, akasimama njiani, akatembea tena, akaingiza mdomo kwenye maji karibu na mkono wa mjomba, akanywa mpaka tumbo likawa pipa. Wenzake wakamfuata. Mjomba hakuacha kunong'ona mpaka ndama wa mwisho alipotosheka.

Alhamisi ikafika na ng'ombe hakuenda popote. Fimbo ilikuwa imelazwa mlangoni, na mjomba alikuwa ananong'ona kwamba chai haina sukari. Mke wake akazima redio, akasogea karibu amsikie vizuri.