Vifaranga Tisa kwa Matanga ya Mama

Mama alizikwa mvua zilipoanza, na kwetu matanga makubwa husubiri mavuno. Siku hiyo kila binti aliyeolewa hufika na kuku kutoka kwa mumewe, na jina la nyumba ya huyo mume hutajwa mbele ya watu wote. Mume wangu, Ayine, alikuwa amekufa miaka minne nyuma. Nyumba ilibaki mikononi mwa kaka yake, Akurugu, naye asingetoa hata unyoya kwa ajili ya mjane aliyezaa wasichana watupu. Basi niliamua kufuga kuku wangu. Nilitaka watatu tu, nisifike kwetu mikono mitupu.

Nilisuka vikapu viwili vikubwa nikavipeleka sokoni kwa Nsoma, muuza kuku, tubadilishane. Sikuwahi kuchagua kifaranga; nyumbani kwa baba tulifuga kanga tu. Nsoma alinionea huruma akanifundisha.

"Usitazame sura, dada. Mlaze chali kiganjani. Anayeinuka upesi, huyo wako. Kitovu kikiwa kibichi, mwache, huyo ananunuliwa na mwenye nafasi ya kuzika."

Niliwalaza mmoja mmoja. Nilitaka wa rangi ya udongo, maana kuku mweupe hakai katika nyumba yetu: mpiga ramli humtaka, wazee waliokufa humtaka, mgeni wa heshima humtaka. Lakini wa udongo waliosimama vizuri walikuwa watatu. Vifaranga hufa wengi, nikaongeza sita wa manjano. Nilidhani watageuka rangi, kama vifaranga wa kanga wanavyogeuka. Sikumwuliza Nsoma, na yeye hakujua ninachokiogopa.

Niliwaweka katika chungu kilichovunjika, chini majivu na majani makavu. Alfajiri za mvua niliwapashia jiwe motoni, nikalifunga kwa kitambaa na kuliweka katikati yao. Jioni nilijaza kibuyu samadi mbichi ya ng'ombe na mabua, nikakifunika juu ya tundu la mchwa. Asubuhi nakuta kimejaa mchwa, nawakung'utia vifaranga. Mchwa wa vichwa vikubwa niliwatoa, maana huuma koo la kifaranga. Kazi hiyo kwetu ni ya wavulana. Tani, mke mkubwa wa Akurugu, aliniona nimebeba kibuyu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Lariba, umekuwa kijana wa kiume. Bado kuota ndevu tu."

Mmoja alichukuliwa na mwewe, mwingine alizama katika maji ya kunywea. Walibaki saba. Manyoya yalipotoka, wale wa manjano wote watano walikuwa weupe kama unga. Niliwapaka masizi ya sufuria. Mvua ikawaosha.

Akurugu alianza kuumwa mguu. Mpiga ramli alitaka kuku mweupe, akachukuliwa wa kwanza. Mguu haukupona, akachukuliwa wa pili. Wa tatu alichinjwa kwa ajili ya marehemu baba yao, wa nne alipewa mgeni. Hakuna aliyeniuliza, nilisikia kelele za mabawa nikiwa nasaga mtama. Upepo wa vumbi ulipoanza, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kiliwaua wa udongo wote wawili kwa usiku mmoja. Akabaki jogoo mmoja mweupe.

Kaka yangu alipotuma habari ya siku ya matanga, nilimwendea Akurugu, nikachuchumaa.

"Shemeji, amebaki mmoja. Naomba nimpeleke kwa mama."

"Kuku wa nani?"

"Nimewalea mimi."

"Sikuuliza nani kawalea."

Mwanamke kwetu hana kuku. Hata akimtoa kwenye yai, atamfuga kwa jina la mwanamume.

"Kuku ni wa nyumba," alisema, akiendelea kumenya karanga. "Na wewe ni wa nyumba. Tangu lini mali ikagawa mali?"

Hata hakukasirika. Angekasirika ningepata la kujibu. Kesho yake alivaa joho lake jipya, akamfunga jogoo miguu, akampeleka kwa wazazi wa msichana anayemposa awe mke wake wa tatu. Mguu haukumsumbua njiani.

Nilikwenda kwetu na bakuli la mafuta ya shea kichwani. Kaka alilipokea akatazama nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu anakuja na tenga la kuku. Nikamwambia hakuna mtu. Alasiri mzee wa ukoo alisimama uani kutaja nyumba zilizoleta. Alitaja nyumba ya dada yangu mkubwa, kuku wanne na kanga wawili. Alitaja ya mdogo wangu, kuku watatu. Kisha akakaa.

Watu waligeuka. Hakuna aliyeuliza Akurugu yuko wapi. Walinitazama mimi.