Chumvi ya Majivu ya Goma

Majani ya mtoni yakiunguzwa kabla hayajakauka sawasawa hutoa harufu chungu, kama samaki aliyesahauliwa ndani ya nguo mbichi. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Vita vilikuwa vimeuzunguka mji wetu wa Kindu. Treni imelala, mto umefungwa, na chumvi ya dukani ilitujia kwa ndege kutoka Goma tu. Ilipokosekana, bibi yangu, kama wanawake wengine wa mtaa wetu wa Alunguli, aliunguza majani hayo, akatia majivu katika chungu kilichotobolewa chini, akamimina maji polepole. Yaliyodondoka aliyachemsha mpaka yakauke, na sufuriani ikabaki chumvi ya kijivu. Mdogo wangu Zaina aliisubiri kama sikukuu. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, isipokuwa na chumvi aliikataa katakata. Mama alimbembeleza, akamfinya, akalia yeye mwenyewe, wapi! Mtoto alifunga meno, na mbavu zake zikazidi kuonekana.

Kisha askari wakatukataza kukaribia ukingo wa mto, majani yakatukosa. Ndege nazo zikakoma. Kwa nini? Nani angetuambia? Tulikaa tukitazama juu kama vifaranga. Ilipotua moja hatimaye, ilimleta Mjomba Saidi, kaka yake mama, aliyekuwa akipakia mizigo huko Goma. Tulimkimbilia tukidhani ana chumvi. Alikuwa na kifuko cha mchanga mweusi alichozoa barabarani, na macho ya mtu aliyeona asichoweza kukisimulia.

"Mulima ya Goma imepasuka," alisema. "Moto imeshuka kama uji. Imekula nyumba yangu, imelala mpaka juu ya kipande ya kiwanja ya ndege."

Mama Asha, jirani yetu, alicheka mpaka akashika kiuno. "Saidi, wewe muongo tangu tumbo ya mama yako! Mulima inatapika? Ilikula nini?"

"Ilikula Goma! Njo maana nimeleta majivu yake, mushike wenyewe."

Tukashika. Kicheko kikakatika. Yalikuwa makavu, yanakwaruza vidole, na yalinuka kiberiti. Mpaka siku hiyo mimi nilijua kwamba mlima ni kitu kinachokaa mahali pake. Bibi alimtazama Zaina, akayatazama majivu. "Moto ya majani inatupa chumvi kidogo," alisema. "Moto ya mulima muzima je?" Hakuna aliyempinga. Nani angempinga, na kwa elimu gani? Majivu ni majivu, na mikono ya bibi ilikuwa imetulisha vita vyote. Akayachuja, akayachemsha. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso. "Inauma. Njo chumvi ya nguvu."

Zaina alikula sombe ile, akalamba vidole, akaomba tena. Mama alicheka, na sikumbuki kumwona akicheka hivyo baadaye. Jua halijatua, nyumba nzima tulikuwa tunatapika. Sisi tuliinuka. Zaina hakuinuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hao wahenga hawakukaa Kindu wakati wa vita. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakutia tena chumvi katika chakula chake, hata chumvi ilipojaa sokoni.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa jiografia alitufundisha Vesuvio iliyofukia mji mzima, Etna, na Krakatau iliyosikika ng'ambo ya bahari. Nyiragongo, mlima uliofika mpaka kwenye sahani yetu, ulipata mstari mmoja. Niliinua mkono nikauliza kama majivu ya volkano ni sumu. Darasa likaangua kicheko: "Unataka kula Vesuvio?" Mwalimu akajibu kwamba hilo haliko kwenye programu. Nilikaa chini nikiwaka, na bado nawaka. Majina ya milima ya watu tuliyakariri. Kwamba usile majivu ya mlima wako, hakuna aliyekuja kutuambia.

Leo nina binti, naye anaitwa Zaina. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tena, na safari hii mlima hauna kosa. Mlima ule ulichoma, ukapoa, watu wakajenga juu ya mawe yake. Vita havijui kupoa. Kwa wenye duka chumvi imepanda bei, na asubuhi moja harufu ile chungu iliingia dirishani kwangu hapa Mikelenge, mtaa mwingine wa Kindu.

"Mama, nani anapika vibaya hivi?" binti yangu aliuliza.

Nilitoka mbio, kanga mkononi. Jirani yangu, msichana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu kilichotobolewa. "Dada, kuna nini? Unahema hivyo!" Nilitumbukiza mkono ndani ya majivu yake mpaka kwenye kifundo, nikayasugua, nikayanusa. Yalikuwa laini. Majani tu. Ndipo nikakaa chini kando yake, nikachukua kata, nikaanza kumimina maji, polepole, kama bibi.