Nyumba ya Ayeyo Shukri Mgongoni Kwangu

Nilikuwa nimejiambia hii habari nitaenda nayo kaburini, lakini kwa vile nusu ya Isiolo wameshaiona kwenye simu zao, na nusu iliyobaki wamesimuliwa na hao wa kwanza, na kila msimulizi ameongeza chumvi yake, afadhali niiseme mwenyewe, angalau mtu mmoja awe ameisema ilivyokuwa. Aibu yenyewe ni yangu yote. Sina wa kugawana naye.

Mimi ni Mutuma, karani wa serikali, mtu wa Nkubu, kule Meru. Mke wangu alipofariki niliomba uhamisho nikaletwa huku, nikidhani upweke ni kitu unachoweza kukiacha nyumbani pamoja na shamba na funguo za ghala, kumbe ulishanitangulia ukanitandikia kitanda. Nilipanga chumba Bulla Pesa, kwenye ploti yenye milango mingi na kamba moja ya kuanikia nguo, na muda wote huo hakuna aliyewahi kugonga mlango wangu isipokuwa mwenye ploti, naye hugonga mwisho wa mwezi tu. Siku za kazi si mbaya, watu wanakusalimu kwa sababu wanataka muhuri. Jumamosi ndiyo mbaya. Unapika chai, unakunywa, unaosha kikombe, halafu unabaki unakitazama kile kikombe.

Ndiyo maana niliposikia kuna kikundi cha kujitolea nilikwenda mbio. Kiongozi wake ni Halima, mama kijana mwenye duka la nguo, mzaliwa wa Chechelesi, sauti yake ya amri lakini moyo wake laini. Aliwakusanya watu wa kila kabila, kila Jumamosi tunarekebisha mtaa huo wa Chechelesi, mtaa wa zamani ambamo babu zake Halima na majirani zake, askari wa mkoloni waliotoka Usomali, walikaa baada ya vita na hawakurudi kwao tena. Tulizibua mitaro, tukapaka kuta chokaa, tukapanda miti ya mwarobaini. Nikapewa reflekta, ile fulana ya rangi ya kuumiza macho, na nikawa naivaa hata nikienda kununua mkate (cheka tu, nimezoea). Jina langu hawakulishika, waliniita "wewe mzee wa kikundi", lakini kuitwa ni kuitwa.

Basi wiki ile kulikuwa na harusi inakuja. Hodan, mjukuu wa Ayeyo Shukri, alikuwa anaolewa Alhamisi ya wiki iliyofuata. (Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali, na huyu ni nyanya wa mtaa mzima, mdomo wake unaogopwa mpaka na mbuzi.) Halima akatuambia Jumamosi tusafishe kwa Ayeyo kabla wageni hawajafika, kisha akanigeukia: "Mzee, na wewe usikose harusi, sawa?" Pengine aliisema hivi hivi tu. Mimi nilikwenda nayo nyumbani nikalala nayo. Tangu nimzike mke wangu sikuwa nimealikwa popote. Nikaamua nitafanya kazi siku hiyo mpaka waseme, huyu lazima akae mbele.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Halima alisema wazi: tukutane saa tatu, na msitoe kitu nyuma ya nyumba kabla mwenyewe hajarudi. Mimi nilifika wakati jogoo bado wanajadiliana. Ayeyo alikuwa ametoka, mlango umefungwa. Nikazunguka nyuma, nikakuta rundo la fito zilizopinda, nyeusi kwa moshi, zimeegemezwa ukutani, pamoja na mikeka mizito iliyochakaa na kamba zinazonuka samli ya zamani. Sasa, sisi kwetu ufito uliopinda haujengi kitu. Ufito uliopinda ni kuni. Na kuni zilizokaa hivyo ni nyumba ya nyoka. Nikajiambia, Mutuma, hebu mwokoe huyu mama.

Wakati huo huo akapita Ekai na mkokoteni wake wa punda, yule Mturkana anayebeba takataka za mtaa. Nikamsimamisha. Akatazama lile rundo, akanitazama. "Hii ni ya kutupa kweli, mzee?" Nikamwambia, "Tupa, mimi ni wa kikundi," nikamwonyesha reflekta kabisa kama askari anayeonyesha kitambulisho. Tukapakia, akaenda. Nikafagia pale mahali mpaka pakang'aa, nikamwagia maji vumbi litulie, halafu nikasimama na ufagio wangu kungoja kusifiwa.

Ayeyo akarudi na wanawake wanne wamebeba samli na ubani. "Salaam aleikum," wakasema. Nikajibu kwa sauti ya mwenye nyumba. Ayeyo akazunguka nyuma, akanyamaza, na huyo si mtu wa kunyamaza.

"Nyumba iko wapi?"

Nikamwonyesha ukuta. "Si hii hapa, Mama?"

"Hiyo ni ya udongo. Mimi nauliza nyumba. Nyumba ya Hodan."

Nilianza kueleza habari ya nyoka. Halima akawa amefika, akaitazama ile sakafu niliyoipiga maji, akashika kichwa. "Woiye, mzee, umefanya nini? Hiyo ni aqal!" Ndipo nikaelezwa pale pale, wote wakiniangalia, kwamba zile fito ndizo nyumba, unazipinda zikutane juu na kuzifunika mikeka, na kwamba nyumba ile ilikuja mgongoni mwa ngamia pamoja na mama yake Ayeyo akimfuata mumewe, mmoja wa wale askari, na kila binti wa ukoo ule ameanzia ndoa ndani yake, Ayeyo mwenyewe akiwemo. Wale wanawake walikuja kuipaka samli na kuifukiza. Walikuwa wanaisimamisha siku hiyo.

Ayeyo hakupiga kelele. Aliketi chini mahali nilipofagia, akaweka kiganja kwenye udongo ulioloa, machozi yakamtoka bila sauti. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alikuwa analia.

Nikatimua mbio. Mtu wa miaka yangu, gambuti miguuni, reflekta inapepea. Nikamfuma Ekai njiani, mkokoteni umebaki mtupu! Vitu vingi alikuwa amevitupa jaani, lakini fito chache nzuri, akasema, amempa mama wa hoteli zimsaidie kuni. Nikaingia pale hotelini bila salamu. Zile fito zilikuwa zimelala kando, isipokuwa mmoja uliokuwa jikoni tayari, ncha inawaka chini ya sufuria la chai. Sikufikiri. Nikauvuta. Sufuria likainama, chai ya asubuhi ya wateja wote ikamwagika jikoni, moto ukazimika, moshi ukatujaa, na mimi katikati nikiukanyagakanyaga ule ufito na kusema, "Samahani, hii ni nyumba ya mtu." Mama wa hoteli akaniuliza kama nimelala vizuri. Chai yake niliilipa, lakini heshima yangu ilibaki pale majivuni.

Jaani tukaokota vingine vyote, Ekai akinisaidia, Mungu ambariki. Lakini gurudumu la mkokoteni likapasuka, na kungoja sikuweza, nilikuwa namwona Ayeyo ameketi pale chini. Kamba za zamani zilikuwa zimekatika katika kurushwa. Nikavua mshipi wangu nikafunga nao fito, nikapanga mikeka juu, Ekai akanitwika mgongoni. Njia fupi ya kurudi hupita sokoni. Na ilikuwa Jumamosi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni hiki: kwa Wasomali nyumba hii ni mali ya mwanamke. Wanawake ndio huisimamisha, wao huivunja, na ngamia ndiye huibeba. Mwanaume haigusi. Kwa hiyo fikiria wewe unauza nyanya zako kwa amani, mara anatokea Mmeru mwenye reflekta amebeba nyumba nzima mgongoni. Mama mmoja akapiga kigelegele, ukazuka msururu wa vigelegele. "Njooni muone! Mwanaume amehama!" "Nani amekuoa, baba?" Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akanizunguka, akanishika bega, akanitazama meno, akauliza soko zima kwa sauti, "Huyu ngamia wa Meru ni bei gani?"

Na suruali sasa (mshipi uko wapi? mgongoni) ikaanza kuteremka. Mikono yangu yote imeshika fito. Nikajaribu kutembea na magoti yamebanana, ndiyo ikawa mbaya zaidi, ikawa kama nacheza. Simu zikainuliwa. Mtu wa kwetu, muuza miraa ninayemjua, akaniita kwa Kimeru, nikajifanya simsikii, na kumbe ni yeye aliyerekodi vizuri kuliko wote. Fulana ilinisitiri kidogo. Kidogo tu.

Nilipofika kwa Ayeyo nilitua mzigo nikapandisha suruali, hakuna aliyecheka. Akaupapasa ufito mmoja mmoja kama mtu anayetambua watoto wake gizani. Ule ulioungua akaushika muda mrefu, nikatamani ardhi inimeze.

"Huu utakaa nyuma," akasema mwishowe. "Kule kitanda inafunika."

Halima akaninong'oneza niketi nje ninywe chai, kazi iliyobaki ni ya wanawake. Nikaketi. Baadaye Ayeyo akatoka kupumua, akakaa karibu yangu, mikono imejaa samli.

"Walikuambia saa tatu. Wewe ulikuja saa ngapi?"

"Alfajiri, Mama."

"Nyumbani kwako kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ndiyo maana. Mwenye mtu kwake hafiki mapema hivyo."

 Niliitazama chai yangu, na maumivu niliyosikia yalizidi yale ya sokoni, kwa sababu sokoni walinicheka tu lakini huyu mama alikuwa ameniona.

Jioni dada yangu akapiga simu kutoka Nkubu. Hakuwa amepiga tangu mazishi. "Mutuma, ni nini hiyo umebeba huko?" Akacheka mpaka akakohoa, halafu akauliza kama ninakula. Nikasema ninakula.

Alhamisi ya harusi nilipiga pasi shati, nikang'arisha viatu, nikafika mpaka mlangoni mwa chumba changu na mkono juu ya kitasa. Nikaisikia ile sauti, mwanaume amehama, nikarudi nikaketi kitandani na viatu vyangu. Upepo ulileta nyimbo na makofi kutoka upande ule. Nilikula mkate na chai. Najua nilialikwa, najua hakuna ambaye angenifukuza, lakini miguu ilikataa, na sijawahi kujisikia peke yangu kama usiku ule, kwa sababu safari hii mlango niliufunga mimi mwenyewe.

Pale kitandani nikaapa: sitashika tena kitu cha mtu kabla ya kumuuliza, hata kiwe ufagio uliokatika, na nyumba ya mtu sitaibeba tena maishani mwangu, si sokoni, si popote.

Hicho kiapo cha pili kilidumu mpaka Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimeshaosha kikombe, nimekaa nakitazama, nikasikia mlango unagongwa. Na haikuwa mwisho wa mwezi. Nikasikia sauti ya Halima, na nyuma yake Ayeyo akilalamika kwamba ploti hii ina milango mingi kama nini.

"Ngamia! Uko ndani? Harusi imekwisha, nyumba inashuka leo. Ayeyo anasema ni wewe tu unajua kuibeba."

Jina hilo ndilo wanaloniita mpaka leo, Chechelesi na Bulla Pesa, watoto na wakubwa, na ukisikia mtu anaitwa hivyo sokoni ujue ni mimi, na ndiyo, huwa naitika. Siku ile niliinama chini ya kitanda. Nilikuwa natafuta mshipi wa pili.