Albamu ya Lori na Sauti ya Champa

Mzee Kanti, Mhindi wa Nakuru, alikuwa na ubishi wa mtu aliyeuza spea za magari miaka mingi. Ukimwambia kitu ni kipya, atakigeuzageuza mpaka aone mkwaruzo. Kwa hiyo Leena, binti yake, alipomletea CD ya ile albamu aliyoipenda kuliko zote duniani, tena toleo jipya lililosafishwa sauti kutoka kwenye kanda zenyewe za studio, hakusema hata asante. Aliipindua, akaisoma nyuma, akaiweka juu ya televisheni, kisha akauliza kama mvua imekatika.

Ilikuwa Wembley, London, mwaka 2003, nyuma ya maduka ya Ealing Road. Kanti alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya nyonga na alitembea kwa fremu. Kila asubuhi alikuja mama mmoja wa Kikongo, Annonciata, mzaliwa wa Bukavu, kumsaidia kuoga na kuvaa. Siku ya kwanza, alipomwona mzee akipigana na soksi, mama huyo alijisemea kwa Kiswahili, "Mungu wangu, huyu mzee ataanguka." Mzee akamjibu bila kuinua kichwa, "Naanguka wapi? Shika soksi." Tangu hapo Kiingereza kiliishia mlangoni, ingawa kila mmoja aliamini kwamba Kiswahili cha mwenzake kina kasoro.

Albamu yenyewe ilikuwa ya vijana wa Georgia, kule kusini mwa Marekani, watu wa nywele ndefu na magitaa marefu zaidi. Muziki wao ulikuwa wa roki, lakini ndani yake kulikuwa na vumbi la mashamba na uimbaji wa kanisani. Kwenye jalada walikuwa wamekaa juu ya lori bovu. Nyumbani kwa Kanti hakuna aliyewahi kuiita kwa jina lake, iliitwa Albamu ya Lori, na hadi leo Kanti anaweza kukutajia ni kipuri gani kilichokosekana kwenye lori lile.

Aliipata Nakuru, mwaka 1974. Mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea, mteja wake wa plagi za pikipiki, alimwazima sahani ya santuri kwa Jumapili moja tu, kwa sababu Jumatatu alikuwa anarudi kwao. Kanti hakuwa na waya wa kuunganishia mashine. Akafanya kama walivyofanya wengi siku zile: aliweka redio kaseti juu ya kigoda mbele ya spika za gramafoni, maikrofoni ikiwa imeelekezwa kwenye muziki, halafu akaiamuru nyumba nzima inyamaze. Mbwa alifungwa mbali. Leena, ambaye alikuwa mdogo, alipelekwa kwa jirani. Champa, mkewe, aliambiwa asifungue mdomo mpaka atakapoinuliwa mkono.

"Sina la kuzungumza na wachunga ng'ombe," alijibu Champa, mikono imejaa unga, akarudi jikoni. Kati ya jikoni na sebule palikuwa na pazia tu.

Kanda ile ndiyo waliyokuja nayo London. Na kwenye wimbo wa tano, nyuma ya mwimbaji, palisikika sauti ya mwanamke, chini kabisa, ikiguna wimbo bila maneno. Mara ya kwanza Kanti alipoisikia alipiga kelele, "Champa! Umeniharibia kanda!"

"Si mimi," alisema Champa. "Nilifunga mdomo kama ulivyoamuru."

"Basi ni nani, mbwa?"

Huo ukawa utani wao kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mgeni aliyekuja kunywa chai alisikilizishwa wimbo wa tano. Champa alikula kiapo, wageni walicheka, na Kanti akatikisa kichwa kama hakimu. Utani wa pili ulikuwa wa wimbo wa mwisho, ule mrefu wa polepole, ambamo mtu alipiga tari. Mpigaji huyo alikuwa na mkono mzuri, lakini wimbo ukishakwisha yeye aliendelea peke yake, cha, cha, cha, kama hana habari. Kanti alimwita Mlevi. "Hakuna aliyemwambia wenzake wameshakwenda nyumbani," alikuwa akisema.

Champa alifariki mwaka 1998. Hapo ndipo utani ulipogeuka kuwa mali. Picha zake zilijaa kabati, ila sauti haikuwepo popote. Hakuna aliyekuwa amewahi kumrekodi, maana mwenye sauti yuko jikoni kila siku, nani atamrekodi? Kilichobaki ni mguno ule wa wimbo wa tano. Kwa kuwa kanda ilikuwa imechakaa, Kanti aliipiga mara moja tu kwa mwaka, siku ya kumbukumbu ya mkewe. Wimbo wa tano ukiisha, aliizima. Leena aliwahi kumwomba aipeleke ikanakiliwe. Kanti alikataa katakata: mashine ya mtu mwingine ikiitafuna, atamlilia nani?

Ndiyo maana Leena alinunua CD. Alifikiri baba atapata muziki wake kila siku, na mama atapumzika salama ndani ya kanda.

"Papa Kanti," alisema Annonciata asubuhi moja, akikunja taulo, "hii CD inalala hapa juu ya televisheni tangu wiki. Hauisikilize?"

"Iko bei ghali. Kitu ya bei ghali iko na mashaka."

"Basi mimi naweka." Akaiweka.

Kanti alikuwa amejiandaa kunung'unika, lakini hakupata nafasi. Kwa karibu miaka thelathini alijua wimbo wa kwanza una gitaa moja. Kumbe yalikuwa mawili! Moja liko mkono wa kushoto, jingine wa kulia. Hili linauliza, lile linajibu, kisha yanaondoka pamoja na kupanda juu mpaka unashika kiti. Besi, ambayo kwenye kanda ilikuwa mvumo tu, sasa ilitembea kwa miguu yake. Kulikuwa na kinanda ambacho hakuwahi kujua kuwa kipo. Hata mwimbaji alisikika akivuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Ilikuwa kama injini iliyounguruma kwa plagi mbili miaka yote, na leo zimewaka zote nne.

"Sikia, Mama Gloire!" alimwita Annonciata kwa jina la mwanawe, kidole kikionyesha spika. "Mbili! Iko magitaa mbili!"

"Ee, minasikia. Banapiga muzuri sana, hawa bantu."

Alicheka peke yake, mzee yule, akapiga goti la mguu mzima kwa kiganja. Alijiona kijana wa Nakuru tena, na kwa nusu saa ile alisahau kabisa nyonga yake.

Kisha ukaja wimbo wa tano. Kanti alitulia. Hakutarajia kitu hapo, maana Champa yuko kwenye kanda, hayuko Georgia. Lakini ubeti wa pili ulipoanza, mguno ukaingia. Ni ule ule, ila sasa ulikuwa wazi na wa karibu, sauti nene ya mwanamke aliyezoea kuimba, na mwishoni ikatetemeka kidogo kwa ufundi.

Annonciata alikuwa ameshasimuliwa habari za Champa, tena mara nyingi. Alisimama na taulo mkononi. "Papa Kanti," alisema kwa furaha, "kumbe Mama Champa iko hata kwenye CD?"

Kanti akabonyeza kitufe, muziki ukakatika.

Ilimchukua Annonciata muda kidogo kuelewa alichokisema. Alipoelewa, alishika kinywa. "Nisamehe, Papa. Nisamehe sana."

"Wewe kosa yako nini?" alisema Kanti. "Hii iko kesi yangu na Champa. Na Champa alisema kweli."

Miaka mitano alikuwa akimsikiliza mwanamke wa Georgia na kumwita mke wake. Kabla ya hapo, miaka ishirini na zaidi alimwita mke wake mwongo mbele ya wageni, na Champa alicheka, akamimina chai, akaapa tena. Lakini si aibu iliyomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kwamba sasa hana kitu. Alitafuta kichwani sauti ya Champa, akakuta mguno wa yule mwimbaji umekaa mahali pake, na umepazoea.

Annonciata alipaswa kuwa ameshatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Simu ya kazini ilimlilia mfukoni, hakuigusa. Alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Ya mama yangu pia haiko," alisema. "Miye minabakia na kikohozi yake tu. Alikuwaka anakohoa mbele ya kufungua mulango, ili tuache fujo. Watu banakumbuka nyimbo. Miye kikohozi."

Kanti alimpapasa mkono, akamwambia aende, atachelewa.

Siku kadhaa hakugusa CD wala kanda. Lakini ubishi una faida zake: aliwaza kwamba amelipiwa albamu nzima na amesikiliza nusu tu. Alhamisi, akiwa peke yake, aliweka wimbo wa mwisho. Magitaa yaliingia polepole, mazuri ajabu, safi mno. Kanti akamngoja Mlevi. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili, na Mlevi hakutokea. Wimbo ukaisha, kimya. Aliurudia, sikio likiwa karibu na spika. Tari halikuwemo.

Hapo alipata kitu cha kugombana nacho, na kusema kweli kilimsaidia. Akampigia simu Leena kazini, kwenye duka la dawa Hounslow, akamwambia kwa Kigujarati kwamba wameibiwa. Hao wanaojiita wasafishaji wamesafisha hadi wakamtupa mpiga tari! Leena airudishe CD dukani na adai pesa. Leena alijibu kwa Kiingereza, sauti ya chini kwa kuwa wateja walikuwa wamepanga foleni, kwamba duka halitaipokea CD kwa sababu ya tari, na kwamba atakuja Jumapili.

Jumapili alikuja amevaa sari, kwa vile jioni kulikuwa na harusi Alperton. Alimkuta baba yake hajala. Hakubishana naye. Alijifunga aproni juu ya sari, akachukua kibao na kigongo cha mama yake, akaanza kusukuma rotli, zile chapati nyembamba za Kigujarati, jikoni. Kanti alibaki kwenye kiti chake, mgongo ameupa mlango, akiangalia televisheni iliyozimwa.

Cha, cha-cha. Cha, cha-cha.

Aligeuka. "Nani amewasha kanda?"

Leena alisema hakuna aliyewasha kitu. Sauti ikakoma.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Leena akajibu kwamba anasukuma rotli, anafanya nini kingine?

"Sukuma basi. Usisimame."

Ikarudi. Cha, cha-cha. Kanti aliishika fremu, akajivuta hadi jikoni hatua moja moja. Leena alikuwa ameinamia kibao. Kwenye mkono wake wa kulia zilikuwa bangili za dhahabu za Champa, zile ambazo mama yake hakuzivua hata jikoni na Leena huzivaa siku za harusi tu, na kila kigongo kilipokwenda mbele zilishuka kwenye kifundo, kiliporudi zikapanda na kugongana.

Kanti alirudi sebuleni, akafungua kabati, akatoa kanda. Haikuwa siku yake ya mwaka. Leena akaja kumsaidia kuiingiza, mikono yake imejaa unga.

Wimbo wa mwisho ulianza kwa kukwaruza, magitaa mawili yakiwa yamerudi kuwa moja. Ubeti wa pili, Mlevi akaingia. Cha, cha-cha. Leena alitazama mkono wake, kisha akamtazama baba yake, na macho yakamjaa machozi.

Champa alikuwa pale, nyuma ya pazia, mdomo ameufunga kama alivyoamriwa, anasukuma rotli za Jumapili. Na hakuwa anasukuma ovyo. Muziki ulipopunguza mwendo, bangili zilipunguza. Mwimbaji aliponyamaza kati ya mistari, zilimsubiri. Mwanamke aliyesema hana la kuzungumza na wachunga ng'ombe alikuwa anawafuata wimbo mzima bila kukosea hata pigo moja. Kisha magitaa yakaisha, na kwenye kimya cha nyumba ile ya Nakuru bangili zikagonga tena, cha, cha, cha, kwa sababu wimbo ulikuwa umekwisha lakini rotli ilikuwa bado.

"Ulikuwa unaipenda," Kanti aliiambia kanda, machozi yakimshuka waziwazi wala hakuyafuta. "Miaka yote hiyo, Champa. Ukaninyima."

Jikoni rotli iliyokuwa juu ya moto ilianza kunukia kuungua, na hakuna aliyekwenda. Leena aliuliza kwa upole kama wairudishe mwanzo. Kanti alitikisa kichwa. Aliitoa kanda mwenyewe, akaitia kwenye kasha lake, akaiweka kwenye kiganja cha binti yake na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Ipeleke ikanakiliwe," alisema. "Lakini waambie wasisafishe kitu chochote."